Nilivyoipasua 4,294,967,297 kwa kalamu na karatasi

Mpwa wangu wa kidato cha sita alikuja kwangu Kirumba, Mwanza, likizo, na namba moja kwenye daftari: 4,294,967,297. "Shangazi, hesabu za dagaa unazipiga kichwani kila siku. Hebu itafutie hii kigawo, ila simu weka kabatini."

Namba yenyewe ina historia. Anza na 2, izidishe kwa yenyewe upate 4, halafu 16, 256, 65,536. Kila moja iongezee 1: 3, 5, 17, 257, 65,537. Zote ni namba tasa, yaani hazigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Mwanahisabati Mfaransa Pierre de Fermat aliamini zinazofuata nazo zitakuwa tasa. Inayofuata ndiyo hii, na mwaka 1732 mwanahisabati Leonhard Euler alionyesha kuwa inagawanyika.

Jioni ya kwanza niligawanya tarakimu zote kumi kwa 7, kwa 11, kwa 13. Nilipofika 53 mkono uliuma, nikalala.

Kesho yake kijana akanidokeza alichogundua Euler: kigawo chochote tasa cha namba hii, ukikigawanya kwa 64, lazima kibakishe 1. Ghafla, chini ya 700 zikabaki tano tu: 193, 257, 449, 577 na 641.

Njia ya kuzijaribu niliipata Mwaloni, soko letu la dagaa. Tukipakia dagaa, gunia lililojaa linashonwa na kuwekwa kando. Hesabu inaendelea na ndoo zilizobaki chini. Basi nikaacha kuburuta tarakimu kumi, maana namba yetu ni 65,536 mara 65,536, ongeza 1. Nilichukua 65,536, nikatoa magunia kamili ya 193, ikabaki 109. Nikazidisha 109 kwa 109, nikaongeza 1, nikatoa magunia tena. Baki 109. Imekataa. Kwa njia hiyohiyo 257 ikabakisha 2, 449 ikabakisha 325, 577 ikabakisha 288.

Ikaja 641. Kwenye 65,536 nilishona magunia 102, chini ikabaki 154. 154 mara 154 ni 23,716. Na 641 mara 37 ni 23,717! Imepungua moja tu, na bado nilikuwa na ile 1 ya kuongeza mkononi. Hakuna kilichobaki. Ilikuwa saa tano usiku, nikamwamsha kijana.

4,294,967,297 ni 641 mara 6,700,417.

Alijifikicha macho, akauliza, "Na hiyo kubwa, shangazi, ni tasa?"

Tukakaa wote mezani. Kipeuo chake cha pili ni kama 2,588, hivyo hakuna haja ya kuvuka hapo, na sharti la Euler bado linaibana. Tasa za kujaribu, kuanzia 641 yenyewe, zilikuwa saba. Yeye alizidisha, mimi nilitoa. Ya mwisho ilikuwa 2,113, nayo ikabakisha 94.

Ni tasa.