Laptopu ya mpwa wangu na waifai ya hosteli

"Shikamoo mjomba. Laptopu haishiki waifai, haioni hata mtandao mmoja. Wenzangu wote hapa wako hewani."

Ni mpwa wangu, jioni ya leo, kutoka hosteli ya chuo Dodoma. Laptopu yenyewe ni ya mtumba, ina RAM ya GB 4, na wiki iliyopita niliiwekea Debian 12, mfumo wa Linux badala ya Windows, hapa kwangu Morogoro. Kwa vile mashine ni dhaifu nilianza na mfumo mtupu, bila dawati lolote (madirisha na menyu za kubofya), kisha nikaongeza Xfce, dawati jepesi, na NetworkManager, programu ya kusimamia mitandao. Ilishika mtandao wa hapa tangu usakinishaji, na ilikuwa ingali imeshika wakati anaitia begini.

Kabla ya kunipigia alikuwa ameshapewa ushauri. Mmoja kamwambia kadi imekufa, anunue ile ya kuchomeka kwenye USB. Mwingine kamwambia afute kila kitu arudishe Windows. Hili linaniuma kweli. Watu wengi wanaiacha Linux hapa hapa, kwenye waifai, wakiwa na mashine nzima na kadi nzima, kwa sababu hakuna aliyewaonyesha kwamba mashine inaulizika na inajibu.

Nikamwambia tuanzie chini. Je, kerneli, yaani kiini cha mfumo, inaiona kadi? Akaandika lspci -k, akanisomea: kadi ya Intel, draiva yake (programu ya kuiendesha), iwlwifi, inatumika. Basi kadi haijafa. Firmware, ile programu ndogo inayopakiwa ndani ya kadi yenyewe? Hapo sikuwa na wasiwasi, maana kadi ilikuwa imefanya kazi nyumbani. Debian walipiga kura mwaka 2022 wakakubali firmware zisizo huru zije ndani ya kisakinishi rasmi, na Debian 12 iliyotoka Juni 2023 ndiyo ya kwanza kuja hivyo. Waliosakinisha matoleo ya nyuma wanakumbuka kutafuta faili hizo kwa simu na kuzihamishia kwenye flashi. Mimi naiona kura ile kama jambo la huruma kwa wenye mashine kama hizi zetu.

Rfkill, amri ya kuuliza kama redio ya waifai imezimwa, nayo ikajibu kwamba redio haijazimwa, si kwa kitufe wala kwa programu.

"Sasa andika nmcli device."

Kimya kidogo, nasikia vidole. "Mjomba, mbele ya wlp2s0, jina la kadi ya waifai, imeandika unmanaged, yaani haisimamiwi."

Hapo nikashusha pumzi. NetworkManager, ambayo ndiyo inayoonyesha orodha ya mitandao kule juu kwenye kona ya skrini, inaiona kadi lakini haiigusi, kwa kuwa kuna programu nyingine iliyokabidhiwa. Nikamwomba afungue faili la /etc/network/interfaces kwa sudo, yaani kwa mamlaka ya msimamizi, anisomee.

"Iface wlp2s0 inet dhcp… wpa-ssid… Mjomba! Mbona nywila ya waifai ya kwako iko hapa, wazi kabisa?"

Ndiyo yenyewe. Wakati wa usakinishaji NetworkManager haikuwepo bado, kwa hiyo kisakinishi kiliandika jina la mtandao wa nyumbani na nywila yake kwenye faili hilo, na kazi ya kuunganisha ikabaki kwa ifupdown, programu inayofuata yaliyoandikwa kwenye faili hilo tu. NetworkManager ilipoingia baadaye ikakuta kadi imetajwa mle, ikaiacha, maana kwenye Debian ndivyo ilivyopangwa: kadi iliyoandikwa kwenye faili hilo haichukui. Kwangu kila kitu kikawa sawa kwa sababu mtandao ulioandikwa ulikuwepo. Dodoma haupo, na ifupdown haina habari ya mwingine.

Marekebisho hayakuhitaji hata bando. Kwanza sudo ifdown wlp2s0. Kisha afungue faili kwa nano, programu ya kuhariri maandishi, aweke alama ya # mwanzoni mwa kila mstari unaohusu wlp2s0 ili usisomwe, na ile mistari ya lo, ya mtandao wa ndani ya mashine yenyewe, aiache kama ilivyo. Ctrl na O, Enter, Ctrl na X. Nilimtajia amri ya mwisho herufi kwa herufi, nikisisitiza N kubwa na M kubwa: sudo systemctl restart NetworkManager.

"Zimekuja! Zimekuja nyingi mjomba, mpaka za hosteli ya wavulana."

Nimefurahi mno, na zaidi kwa sababu vidole vilikuwa vyake. Ameandika hatua zote kwenye daftari, akaniuliza kama atakaporudi likizo itabidi aondoe zile alama za #. Hapana mama, utachagua mtandao wa hapa kwenye orodha, utaweka nywila mara moja, itaikumbuka.

Mtandao wa chuo una ukurasa wake wa kuingilia unaodai namba ya usajili. Amekata simu akaitafute.