Hata nyie?

Tangu Jumapili jioni nina maneno mawili ya Mama kichwani na hayataki kutoka. Nilimpigia Lindi kumwambia kwamba barua ya udhamini ya Kaka anayeishi Berlin imefika, kwa hiyo safari ya kwenda huko sasa ipo kweli. Akafurahi, akamshukuru Mungu, akauliza habari za baridi. Kisha akasema:

"Na huko mtatembea wapi?"

"Sehemu nyingi, Mama. Ila kubwa kuliko yote ni kwenda kumwona mjusi."

"Mjusi yupi?"

"Yule wa Tendaguru." Yaani yule dinosaria ambaye mifupa yake ilichimbwa kilima cha Tendaguru, kwetu Lindi.

"Ahaa." Akanyamaza kidogo. "Wanawaingiza bure?"

"Hapana, Mama. Kuna tiketi."

"Hata nyie?"

Nikamjibu ndiyo, hata sisi. Akasema haya, koti nisinunue huku, nitaazima la wifi yangu. Tukaagana.

Wiki yenyewe imejaa: mitihani ya moko imeisha, mwenye nyumba kapandisha kodi, na yule binamu wa Mtwara hatimaye kaolewa. Lakini nikisahihisha karatasi, nikiwa kwenye daladala, nikiosha vyombo, nasikia "Hata nyie?" Nimejaribu kukumbuka kama alicheka. Hakucheka. Wala hakukasirika. Aliuliza kama mtu anayeona ndugu wa bibi harusi wamesimamishwa mlangoni wakiombwa kadi.

Babu yake Mama anahusika na mjusi huyo. Alikuwa mmoja wa wapagazi. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba kile kilima, na mifupa ikabebwa kwa vichwa na mabega mpaka bandari ya Lindi, mwendo wa siku kama nne porini. Zaidi ya tani 200 zilishuka kwa njia hiyo. Na tusisahau ilikuwa miaka gani: Maji Maji imekwisha 1907, mashamba yamechomwa, njaa imemaliza watu Kusini nzima. Mtu aliyenusurika ndiye aliyepewa mzigo abebe apate ujira. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, aliyezijua zile tabaka za udongo na ile mifupa kuliko wageni wengi waliokuja na vyeo vyao. Ningependa kila mtoto wa Lindi alijue jina hilo kabla ya kukariri majina ya magavana.

Mjusi mwenyewe alisimamishwa Berlin 1937. Kwenda juu anapita mita 13. Mama hajawahi kumwona, mimi sijamwona, na babu aliyembeba alifariki bila kujua alichobeba kinafananaje kikiunganishwa. Ningekuwa na kauli, yeyote mwenye pasipoti ya Tanzania angepita pale mlangoni kwa salamu tu.

Mpaka Jumatano nilikuwa nimeanza kuona safari yote ni nzito. Viza euro 90, bima ya kufikia euro 30,000, likizo ya bila malipo ambayo mkuu wa shule bado hajaisaini. Nikajiuliza kama kweli nataka kwenda kusimama mbele ya kitu cha kwetu nikiwa na kipande cha tiketi mkononi.

Jumatano usiku Kaka akanitumia ramani ya treni za chini ya ardhi. Alikuwa ameweka alama kwa kalamu nyekundu kwenye njia ya U6. Kituo kimoja kinaitwa Naturkundemuseum, hapo ndipo kwa mjusi. Ukipanda treni ileile kuelekea kaskazini, bila kubadilisha, unashuka kituo cha Afrikanische Straße, na karibu na hapo kuna barabara inaitwa Maji-Maji-Allee. Zamani ilibeba jina la Carl Peters. Huyu ndiye aliyepewa hati ya kulinda "maeneo yake" ya Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami tarehe 27 Februari 1885, siku moja tu baada ya Mkutano wa Berlin kufungwa. Jina la Peters limeondolewa 2024. Nilikaa kitandani nikaikuza ile ramani kwenye simu mpaka herufi zikawa kubwa: Maji-Maji. Ukutani, barabarani, Berlin.

Halafu Kaka akaongeza kwamba huko Neukölln anakokaa kuna Lucy-Lameck-Straße, jina la Lucy Lameck, mwanamke wetu wa Moshi, wa kwanza wa kike kushika unaibu waziri nchini. Mtaa huo ulikuwa wa Wissmann, yule aliyemnyonga Abushiri pale Pangani 1889. Jina lilibadilishwa 2021. Kaka anapita hapo akienda kununua mboga na hakuwahi kuniambia!

Basi sasa nina ratiba, na naipenda. Jumatatu makumbusho ya mjusi hufungwa, kwa hiyo siku hiyo tutatembea kwa miguu kutoka Brandenburger Tor mpaka Wilhelmstraße, ulipofanyikia ule mkutano ninaouandika ubaoni kila mwaka. Jumba la Bismarck halipo tena, kuna kibao tu. Nitakipiga picha kwa ajili ya kidato cha pili. Jumanne asubuhi ni mjusi, na kutoka hapo moja kwa moja U6 mpaka Maji-Maji-Allee. Tiketi nitalipa. Nikiwa ndani nitampigia Mama kwa video, nimwonyeshe kuanzia miguuni, taratibu, mpaka kichwani.

Kinachoninyima usingizi leo ni kingine. Yule binti wa kidato cha tatu, mwenye mwandiko mzuri, hajaonekana tangu kabla ya moko. Simu ya nyumbani kwao haipokelewi. Mwalimu wa darasa anasema kahama, wenzake wanasema wamemwona anauza chipsi stendi ya Rangi Tatu. Kesho nikimaliza kipindi cha mwisho nitapita huko.