Siku moja maishani mwangu: Kukipiga picha Kilimia usiku kucha

Saa 4 asubuhi. Nakagua utabiri wa mawingu, kwa kuwa usiku huu nataka kukipiga picha Kilimia, kundi la nyota zilizokaribiana. Mwezi bado ni mchanga na utatua muda mfupi baada ya jua, kwa hiyo usiku wote ni wangu.

Saa 8 mchana. Nachaji betri, kwa kuwa baridi ya usiku huzimaliza upesi, kisha nasafisha lenzi. Nachukua ya milimita 135 pekee. Wengi hutamani lenzi ndefu zaidi, lakini kwa maoni yangu hii ndiyo inayokifaa kifuatilia nyota kidogo, yaani kifaa kinachoizungusha kamera ili ifuate nyota: si nzito, hupokea mwanga mwingi, na huonyesha pia vumbi la angani linalokizunguka Kilimia.

Saa 11 jioni. Naisimamisha tripodi kwenye ardhi ngumu kungali na mwanga, miguu yake nikiiacha mifupi ili upepo usiitikise.

Saa 1 usiku. Giza kamili litaingia jua litakapofika nyuzi 18 chini ya upeo wa macho, lakini Nyota ya Kaskazini imekwisha kuonekana, na hapa ndipo inapoanza kazi ninayoijali kuliko zote. Dunia hujizungusha mara moja kwa saa 23, dakika 56 na sekunde 4, na mota ya kifuatilia huizungusha kamera kwa mwendo huohuo kuelekea upande wa pili. Lakini mota hiyo haina faida iwapo mhimili wake haukulengwa kwenye ncha ya anga, yaani nukta ambayo nyota zote huonekana kuizunguka. Nyota ya Kaskazini yenyewe iko kando ya ncha kwa takriban nyuzi 0.6, kwa hiyo siiweki katikati ya darubini ya kulengea, bali juu ya duara iliyochorwa ndani yake, mahali panapolingana na tarehe na saa. (Wapigapicha wa kusini mwa dunia wana kazi ngumu zaidi, kwani Sigma Octantis, nyota inayowaongoza, ni hafifu mno.) Nikishafunga kamera na kuielekeza kwenye Kilimia, nalenga ncha upya, kwa sababu uzito wa lenzi hupinda vifaa kidogo, na upotovu huo mdogo hutosha kuzigeuza nyota kuwa vistari. Hatua hii huachwa mara nyingi, nami naiona ndiyo inayoamua usiku wote.

Saa 2:30 usiku. Nazima fokasi ya otomatiki, nakuza nyota angavu kwenye skrini, na kuizungusha pete polepole mpaka nyota iwe nukta ndogo kabisa. Tundu la lenzi nalipunguza kutoka f/2 hadi f/2.8, maana likiwa wazi kabisa nyota za pembeni huota mabawa.

Saa 3 hadi saa 9 usiku. Kila picha huchukua dakika 2. Bila kifuatilia, lenzi hii isingevumilia hata sekunde 4. Baada ya picha kadhaa nasogeza fremu kidogo, ili kasoro za sensa, sehemu ya kamera inayopokea mwanga, zisiangukie mahali pamoja. Umande unapoanza kutua, nauwasha mkanda wa joto uliozungushiwa lenzi. Picha ninazozithamini zaidi ni za karibu na saa 6, Kilimia kinapokuwa juu kabisa na mwanga wake unapita kwenye hewa kidogo kuliko wakati mwingine wote.

Saa 9 usiku. Nafunika lenzi na kupiga picha za giza, zinazonisaidia kuondoa kasoro za sensa baadaye, kwa muda uleule na ISO (kiwango cha usikivu kwa mwanga) ileile, kabla joto la kamera halijabadilika.

Saa 5 asubuhi. Programu inaunganisha picha zote. Picha 64 zikiunganishwa, chembechembe zinazochafua picha hupungua mara 8. Ili zipungue mara 16, zinahitajika picha 256. Rangi ya buluu inayojitokeza ni mwanga wa nyota zenye joto kali unaoakisiwa na vumbi, nao ulianza safari yake takriban miaka 440 iliyopita, kwa hiyo siikolezi kupita ilivyo. Ukingo wa vumbi hilo bado ni hafifu, na anga ikiwa safi tena leo usiku, nitaongeza saa nyingine kwenye fremu hiihii.