Mimi ni kondakta, lakini sina daladala

Mama alikaa miezi mitatu bila kuwaambia majirani kazi yangu. Nilimwambia nimekuwa kondakta, naye akaelewa kwamba baada ya yeye kuuza vitenge anisomeshe, sasa nining'inie mlangoni mwa daladala ya Mbagala Rangi Tatu nikiita abiria. Ikabidi nimlete ukumbini anione nikiongoza wapiga vyombo. Akatazama weee, mwisho akauliza, "Sasa hawa watu wametoa viingilio waone mgongo wako tu?" Ndiyo, mama.

Nilianzia wanakoanzia wengi, kwaya ya parokia. Solfa, yaani do-re-mi, sauti nne, mazoezi Jumatano na Jumamosi, hayo mnayajua. Shule moja ikanipa watoto wa kufundisha. Kundi la matarumbeta ya harusi likanikodi niwanyooshe. Siku za wiki nikawa nafundisha kinanda Masaki kwa watoto wenye kinanda na wasio na hamu. Siku moja nikajiuliza, hawa wote kwa nini nisiwaweke chumba kimoja? Nikapata violini sita, klarineti mbili, tarumbeta nne, sakso alto tatu na tromboni moja. Nikaiita okestra, maana hakuna aliyenikataza.

Hapo ndipo nikapokea ushauri. Bwana mmoja mjuzi, simtaji kwa kuwa bado tunasalimiana, aliniambia, "Wape wote nota zilezile, masikio yatawasahihisha." Nikamwamini. Nikakesha naandika wimbo wa Taifa, kwa hesabu kwamba tuni ile ya Enoch Sontonga wa Afrika Kusini, ya mwaka 1897, hakuna Mtanzania asiyeijua. Do nikaiweka kwenye nota iitwayo C kwa kila mtu. Nikatoa fotokopi, nikashusha mkono waanze.

Jamani! Tarumbeta ya kawaida imetengenezwa katika B-flati. Mpigaji akisoma C, inayotoka ni B-flati, nota iliyo chini yake. Sakso alto ni ya E-flati. Violini na tromboni ndizo zinazosema C ikatoka C. Kwa hiyo walikuwa wanapiga wimbo mmoja kwenye ngazi tatu kwa wakati mmoja, na kila mmoja anasoma sawasawa kabisa. Masikio hayakusahihisha kitu. Kila mtu aliongeza nguvu amshinde jirani yake. Mlinzi wa shule alikuwa ameshasimama wima kwa heshima. Taratibu nikamwona analegea, hana hakika tena kama bado ni wimbo wa Taifa.

Dawa nilikuwa nayo mfukoni tangu kwaya. Katika solfa do inahama, haina kwao. Nikachagua do iwe F, ambayo haimuumizi mtu. Violini na tromboni wakaandikiwa F, tarumbeta na klarineti zangu, ambazo nazo ni za B-flati, wakaandikiwa G, sakso wakaandikiwa D. Kila kundi karatasi yake, wote wanaimba do-re-mi moja kwanza kwa mdomo, ndipo washike vyombo. Sikulala siku mbili, lakini mlinzi safari hii alisimama hadi mwisho.

Fimbo ya kuongozea usinunue. Duka moja lilinitajia kama elfu sitini hivi kwa kijiti! Nilivunja njiti ya ufagio wa chelewa, nikaichomeka kwenye kizibo cha chupa ya mvinyo nilichookota harusini, na ufagio mmoja unatosha makondakta wa nchi nzima. Ubaya wake inachoma. Nimeshajitia jichoni mara mbili. Hata hivyo najiona nina nafuu: mwanamuziki Jean-Baptiste Lully kule Ufaransa alikuwa akipiga mdundo kwa fimbo nene sakafuni, akajitwanga mguu, kidonda kikaoza na kumuua mwaka 1687.

Kazi ilikuja kwa mtunzi Beethoven. Watoto waliitaka ile simfoni yake ya tano, ya ta-ta-ta-taaa, nami nikaandika mpangilio mwepesi. Kumbe ile kitu haianzi na ta. Inaanza na kimya, pumziko fupi mno, halafu ndiyo ta tatu za haraka. Nilishusha mkono, violini mbili zikaingia juu ya kimya, nyingine zikangoja, sakso mmoja akacheka. Wiki tatu hivyo hivyo. Nikahesabu kwa sauti, nikapiga makofi, nikafoka. Wapi.

Jibu nililipata Barabara ya Kilwa, nimesimama kwenye daladala nimebanwa na kapu la samaki. Konda akagonga bodi, ndipo gari likaondoka. Akigonga taratibu, dereva anaondoka taratibu. Akigonga kwa hasira, tunalaliana. Nikashtuka. Mimi nilikuwa nataka gari liondoke bila kugonga bodi! Jioni ile nikaweka fimbo kando, nikawaambia, "Nyie madereva, mimi konda." Nikavuta pumzi kwa mwendo uleule wa wimbo, nikagonga benchi: ko! Ta-ta-ta-taaa. Wote. Ule mlio wa benchi ndio uliokaa mahali pa kimya. Wiki iliyofuata nikagonga hewa tu, wakaingia vilevile.

 

Aliyenisumbua hadi mwisho ni Babu, mpiga violini aliyezeekea kwenye taarabu. Yeye huiita fidla, na nota moja hawezi kuiacha mpaka aivishe madoido. Kila nikimwomba anitazame ananijibu, "Mwanangu, mkono wa nini, nami nina masikio?" Siku ya onyesho Beethoven anakuja, namwangalia Babu, kafumba macho kabisa. Nikasema leo nimekwisha. Nikashusha mkono, akaingia palepale na wenzake, bila doido hata moja. Tulipomaliza nikamfuata, nikamuuliza ameonaje.

"Sijaona kitu," akasema. "Ila ulivuta pumzi kama mtu anayetaka kupiga mbizi, nikajua tayari."