Wateja walihama na yule binti

Jamani wiki hii nimeulizwa swali moja na watu watatu tofauti, dada nataka kufungua biashara, nianze na logo au nianze na page ya Instagram? Na kila mara nimeshindwa kujibu kwa mkato maana jibu langu ni refu na lina kidonda ndani yake. Basi leo naliandika lote, atakayesoma asome.

Mimi niko kwenye uwakala wa pesa za simu tangu 2012. Nilianza kwa kukaa kwenye kibanda cha mtu Mbagala, 2016 nikafungua changu, sa hivi ninavyo vitatu. Kwa asiyeijua hii kazi, ni meza, dirisha lenye nondo, simu ndogo za batani tatu nne kila moja na mtandao wake, daftari, kalamu iliyofungwa kamba isiondoke na mteja, na floti, yaani hela ya kufanyia kazi, ya kwenye simu na ya keshi. Floti ndo roho ya kila kitu, ikiisha kwenye simu unamwambia mteja siwezi kukuwekea, ikiisha keshi unamwambia siwezi kukutolea, na ukisema hivyo mara tatu kwa wiki huyo mteja humuoni tena.

Sasa kuhusu majina na rangi. Nimeona mengi kwa hii miaka na wakubwa zangu wameona zaidi. Celtel ikawa Zain 2008, Zain ikawa Airtel 2010. Mobitel ile ya miaka ya 90 ikaja kuitwa Buzz halafu Tigo, na mwisho wa 2024 Tigo ikawa Yas, Tigo Pesa ikawa Mixx by Yas. Njoo ukae dirishani kwangu nusu saa tu usikilize watu wanavyoongea. "Dada nitolee tigopesa elfu ishirini." Tisheti ya binti imeandikwa jina jipya, bango jipya, mteja anasema tigopesa na anatolewa hela yake anaenda zake, ni kama dukani mtu anavyosema nipe kolgeti ya Whitedent na muuzaji anampa Whitedent bila kuuliza mara mbili. Jina likishazama mdomoni mwa watu bango haliwezi kulitoa kwa siku moja.

Ila kitu ninachokiwaza mimi ni kingine, kwamba majina yote hayo yalivyobadilika wateja hawakukimbia, na kwa mtazamo wangu sababu kubwa ni kwamba asubuhi walivyoamka walimkuta dirishani mtu yuleyule wa jana. Tisheti mpya, mtu wa zamani. Wakatulia.

Hata M-Pesa yenyewe ukiifuatilia ilikotoka utaona hilo. Wakenya walianza kuijaribu 2005, Nairobi na Thika, wakishirikiana na Faulu, taasisi ya mikopo midogo, na lengo lilikuwa watu walipe marejesho ya mikopo yao kwa simu, ila wale watu wakaanza kutumiana hela wao kwa wao kwa mambo yao. Machi 2007 Safaricom ikaizindua kwa wote na tangazo likawa na ujumbe mmoja tu, tuma pesa nyumbani, na 2008 Vodacom ikaileta huku kwetu. Hebu fikiria, mtu anatoa hela yake ya jasho anampa mwenye duka la unga na mafuta ya taa ambaye hata jina hamjui, eti itamfikia mama yake kijijini. Hakuna jengo la marumaru, hakuna mlinzi mwenye bunduki, hakuna meneja mwenye tai. Kilichomfanya aamini ni vitu vidogovidogo, kitambulisho kikaangaliwa, daftari likasainiwa, meseji ikaingia kwenye simu ya anayetuma na ya anayepokea kabla hata hajaondoka dirishani, anampigia mama yake hapohapo, umeiona? nimeiona. Kwangu mimi meseji ile na yule mwenye duka ndo waliijenga M-Pesa, rangi na bango vilikuja kumuonesha tu mtu ni duka gani aende.

Sasa niwaambie ya kwangu.

2018 niliajiri binti mmoja, jina lake silitaji. Hakuwa muongeaji kabisa na mwanzoni nilidhani hatafaa, maana nilikuwa na imani kwamba wakala lazima awe mchangamfu. Siku moja nikakaa nyuma ya kibanda napiga hesabu na sikuwa na haraka, nikamsikia anavyohudumia. Akaja mzee mmoja anatumiwa hela na mwanae kila mwisho wa mwezi, kusoma hajui, akatoa simu akampa na kuanza kumtajia namba ya siri kwa sauti. Yule binti akamkatisha taratibu, "babu hiyo usinitajie mimi wala mtu yeyote, shika simu yako, bonyeza mwenyewe, mi nageuka." Na kweli akageuka akaangalia ukutani mpaka mzee akamaliza. Halafu akamsomea meseji neno kwa neno, umetumiwa kiasi gani, umetoa kiasi gani, makato kiasi gani, ila salio hakulitaja kwa sauti, aliliandika kwenye kipande cha karatasi akakumbuka mzee hasomi, ikabidi atoke nje kwa mlango wa nyuma aende kumnong'oneza sikioni. Watu wanne wapo foleni. Hakuna aliyelalamika! Akarudi akahesabu noti mara mbili, mara ya pili mkononi mwa mzee, akamwambia babu weka mfuko wa ndani.

Hayo sikumfundisha mimi. Na kwenye kitabu chochote cha biashara huwezi kuandika kipengele kinachosema toka nje ukamnong'oneze mzee.

Baada ya mwaka mmoja foleni ya kibanda kile ilikuwa inaziba njia. Nikavimba kichwa, nikasema sasa nina brendi, na brendi lazima ionekane. Nikatafuta kijana akanichorea logo, nikapaka kibanda upya ndani na nje, nikachapisha tisheti sita, kadi, bango la kusimama barabarani, jumla laki nne na ishirini. Kilipendeza kwa kweli, watu walikuwa wanapiga picha.

Wiki tatu baadae tukatapeliwa. Jioni saa moja, foleni ndefu, akaja kaka mmoja msafi tu, anasema anatoa laki tatu na nusu, meseji ikaingia kwenye simu ya kazi imeandikwa vilevile kama meseji halisi ya muamala, binti akahesabu akampa. Usiku tunafunga hesabu keshi haipo na floti ya kwenye simu haijapanda. Ile meseji ilitumwa na namba ya mtu wa kawaida. Hela ikipungua hivyo sisi mawakala tunaita shoti, na kwenye vibanda vingi sheria haijaandikwa popote lakini kila mtu anaijua, shoti ni ya aliyekaa dirishani.

Na mimi nikafuata sheria hiyohiyo. Mshahara wake ulikuwa laki na nusu kwa mwezi, nikamwambia nitakukata elfu hamsini mpaka iishe. Hakubisha. Alisema sawa dada. Nakumbuka alikuwa amevaa ile tisheti mpya, na kesho yake akaja na blauzi yake ya kawaida, na tangu siku ile hakuivaa tena mpaka alipoondoka, na mimi niliona na nikanyamaza.

Mwezi wa tatu wa makato akaaga. Akaenda kukaa kwenye kibanda kingine, siyo mbali, ukisimama kwangu unakiona, kibanda cha mbao ambacho hakijapakwa rangi hata upande mmoja. Ndani ya wiki mbili foleni ikahamia kule. Yule mzee nilimuona kwa macho yangu anapita mbele ya bango langu jipya, ananisalimia vizuri tu, anaendelea kwenda kwenye mbao. Mama mmoja wa vitumbua ndo alikuwa mkweli, akaniambia, "dada mi sikuwa naja kwako, mi nilikuwa naja kwa yule mtoto."

Nililia siku ile, siwafichi. Na nilipotulia nikapiga hesabu ambayo mpaka leo inanichoma, kwamba nilikuwa na laki nne na ishirini ya kuupendezesha ukuta, lakini sikuwa tayari kubeba laki tatu na nusu ya binadamu aliyekuwa anawafanya watu waje kwenye huo ukuta, tena hela aliyoibiwa akiwa kazini kwangu anahangaika na wateja wangu.

Nilimfuata. Nikampelekea laki na nusu yake niliyomkata, nikamuomba radhi mbele ya mwenzake. Alipokea, akasema ahsante dada, akaendelea kuhudumia. Hakurudi, na sikumbembeleza, alikuwa na haki yake.

Kilichobadilika ni hiki. Sa hivi kila mwezi kamisheni ikiingia, asilimia tano inaenda kwenye mfuko wa shoti. Shoti ikitokea tunakaa wote tunaangalia daftari na meseji, kama ni utapeli au makosa ya kibinadamu mfuko unalipa, mshahara wa mtu hauguswi. Kilichobaki Desemba mabinti wanagawana sawa kwa sawa, mimi simo. Watu waliniambia utafilisika, mabinti watacheza na hela kwa sababu wanajua kuna mfuko. Imekuwa kinyume kabisa, maana ule mfuko ni wao, mmoja akiona meseji ina utata anampigia mwenzake wa kibanda cha pili kabla ya kutoa hata shilingi, na ile tabia ya kuficha shoti ndogondogo imekufa. Kuficha ndo kulikuwa kunaua, mtu anapata shoti ya elfu kumi anaogopa kusema, anaziba kwa kumkata mteja chenji, mteja anajua, hasemi, harudi.

Mtu akiniuliza sa hivi nitajuaje kama wafanyakazi wangu wanaipenda biashara yangu, namuuliza tisheti yako wanaivaa siku ya mapumziko? Siyo kazini, kazini ni lazima. Jumapili, akienda sokoni, akienda kumsalimia mama yake. Mfano mkubwa wa hilo kwangu ni Azam FC, maana watu wanaisahau ilikoanzia. Timu ile ilianza na wafanyakazi wa viwanda vya Bakhresa waliokuwa wanacheza mpira baada ya kazi, jioni, kwa kupenda kwao. 2008 wakapanda ligi kuu, msimu wa 2013/14 wakachukua ubingwa. Hela ya tajiri ilikuja na ni nyingi, ni kweli, ila mbegu ilikuwa watu waliomaliza zamu na bado hawakutaka kuachana. Wewe jiulize wa kwako wakimaliza zamu wanakimbilia wapi.

Na nisieleweke vibaya, mabango yana kazi yake na logo ina kazi yake, kibanda kichafu kinamtia mteja wasiwasi na mimi bado napaka rangi kila mwaka. Nachosema ni mpangilio wa hela. Kabla hujamlipa mchoraji, mlipe kwanza aliyekaa dirishani, tena mlipe kwa wakati, na ujue tangu mapema siku mambo yakiharibika utasimama upande gani, kwa sababu siku hiyo wafanyakazi wote wanakuangalia wewe na wateja wanawaangalia wao.

Mwezi huu nachapisha tisheti mpya maana zile za zamani zimechakaa, na safari hii kabla ya kwenda kwa fundi niliwauliza mabinti wanataka ziweje. Mimi nilitegemea waseme rangi. Wakasema dada weka mfuko kifuani, kalamu ya kamba inatuchelewesha, na shingo isiwe ya kubana kwa sababu kule ndani saa nane mchana ni joto. Mmoja akaongeza, kama inawezekana jina la kibanda liwe dogo, lisijae mgongo mzima, ili niweze kuivaa na kwenye mambo yangu.

Fundi nimeshamwambia. Anazileta Ijumaa.