Siku kiganja cha mama kilipofunguka

Mama alipigwa kiharusi upande wa kushoto, mguu ukarudi kidogo akawa anatembea na mkongojo ila mkono ndo ukagoma, kila mwezi unazidi kujikunja mpaka vidole vikafunga ngumi kabisa, dole gumba limefungiwa ndani na kucha zinachimba nyama. Kumsafisha humo ndani ilikuwa kazi, harufu ikawa inatoka, na mama jinsi anavyopenda usafi, wageni wakija anauficha mkono chini ya kanga. Hilo liliniuma kuliko yote.

Sindano za kwanza za Botox, ile dawa ya kulegeza misuli iliyokaza, tulichangishana na ndugu zangu, akachomwa, tukarudishwa nyumbani. Habari ya mazoezi hakuna aliyetugusia jamani! Mkono ukalegea kiasi, tukafurahi, tukakaa tunasubiri uamke wenyewe, miezi mitatu ikaisha na mkono ukarudi kulekule. Mpaka leo nikikumbuka nakasirika.

Mara ya pili tukaenda kwingine. Daktari anaangalia kwa ultrasaundi anatafuta msuli mmoja mmoja unaokunja vidole ndo anachoma, halafu akatukalisha na dada wa fizio, yule wa mazoezi ya viungo, akatuambia dawa inazuia tu ujumbe wa neva usifike kwenye msuli, inaanza baada ya siku chache, inakolea wiki kadhaa kisha inaisha baada ya miezi kama mitatu, kwahiyo hiyo miezi ndo ya kufanya kazi.

Sasa kama wiki mbili baadaye yule dada kaja nyumbani, tumekaa barazani na beseni la maji ya uvuguvugu. Mi nikashika vidole nikaanza kuvuta, akanizuia, "Usivute dada, kunja kwanza kifundo cha mkono kuelekea chini, vidole vitalegea." Nikakunja taratibu. Vikalegea kweli, kimoja, viwili, mwisho dole gumba likatoka. Akaniambia tulia hapohapo usiachie, tukahesabu dakika nzima. Mama akawa anaangalia kiganja chake kama cha mtu mwingine, ngozi nyeupe imelowana, na alama nne za kucha zimejipanga mstari. Nikachukua mkasi mdogo nikamkata kucha zote tano, hakuguna hata kidogo.

Baada ya hapo ilikuwa kila siku asubuhi na jioni, kunyoosha, usiku anavaa kile kibao cha plastiki kinachoshikilia vidole visijikunje, mchana fizio kamwagiza ashikilie bakuli kwa mkono mbovu huku mzima unakoroga. Kufunga vifungo hawezi mpaka leo. Ila bakuli halikimbii tena.

Siku ile ya beseni lakini, tulivyomaliza kumkausha akaomba mafuta ya nazi, akakataa nisimpake, akachukua mkono wake wa kulia akawa anakisugua kile kiganja mwenyewe polepole, katikati ya vidole, kwenye zile alama. Kisha akasema, "Mwanangu, Idi hii na huu nao utautia hina."