Nilivyopata mizabibu mama isiyo na virusi

Mizabibu ya asili huzalishwa kwa pingili miaka nenda rudi, na kila pingili huondoka na virusi vya mama yake. Nilianza na mizabibu 40 ya aina moja, kila mmoja na utepe wenye namba.

Mchujo wa kwanza ulikuwa wa macho, karibu na mavuno. Kwenye zabibu nyekundu, ugonjwa wa kujikunja majani huanzia chini ya tawi: jani linakuwa jekundu, mishipa inabaki kijani, kingo zinajikunjia chini. Upungufu wa magnesiamu huleta wekundu kama huo, ila jani halijikunji. Kwenye zabibu nyeupe macho hayasaidii sana.

Iliyosalia niliipima maabara, na hapa sampuli mbovu hukupa majibu ya uongo. GLRaV-3, virusi ya ugonjwa huo wa kujikunja majani, hukaa kwenye mirija ya chakula na haisambai sawasawa mwilini. Mapema msimuni huwa haba kiasi cha kuponyoka ELISA, kipimo kinachotafuta protini za virusi. Basi nilichuma vikonyo vya majani ya chini kabisa mwishoni mwa msimu, kutoka matawi 4 ya pande tofauti. GFLV, virusi nyingine ya mzabibu inayoharibu umbo la majani, ni kinyume chake: itafute kwenye majani machanga, maana joto likizidi hupungua. Msimu uliofuata nilirudia kwa PCR, kipimo cha vinasaba vya virusi, kisha nikaitunza mizabibu yote 7 iliyofaulu vipimo. Ukibakiza mmoja tu, tofauti za ndani ya aina hiyo zimepotea.

Usidanganyike na kuchovya pingili kwenye maji ya moto ya nyuzi 50 kwa dakika 45. Yanaua fitoplasma (vijidudu vya jamii ya bakteria), si virusi. Kama aina nzima imeambukizwa, inabaki kazi ya maabara: kukuza ncha ya chipukizi ya milimita 0.2 hadi 0.5, mara nyingi baada ya kuiweka mimea kwenye joto la nyuzi 38.

Shina la kubebeshea, yaani lile la chini lenye mizizi, nalo nililipima. Mashina ya asili ya Marekani hubeba virusi bila dalili yoyote, kisha mche msafi unaobebeshwa juu yake unaugua.

Mkasi wa kupogolea hauna hatia hapa. Wabebaji wa GLRaV-3 ni vidung'ata, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu, na sisimizi huwalinda, kwa hiyo nilianza kudhibiti sisimizi. GFLV huenezwa na minyoo ya udongoni, Xiphinema index, ambayo huendelea kuishi kwenye mabaki ya mizizi ya zamani. Shamba lililong'olewa mizabibu migonjwa sikulipanda tena; miche ilikwenda kwenye ardhi isiyowahi kuota mzabibu.